Kwenu ni wapi, au unaikala wapi?

Mwezi Desemba 2023, kampeni ikiwa katika moto wake, nilikuwa kwenye foleni ya maji katika avenyu yetu ya Katuba. Gari lenye vipaza sauti likapita likitangaza jina la bwana mmoja aliyekuwa akigombea kiti cha mshauri wa komini. Mama waliokuwa mbele yangu, kila mmoja na bidoni zake, wakaanza kumchambua. «Ule baba, kwabo ni wapi?» akauliza mmoja. Mwingine akajibu bila kusita: akataja teritwari, akataja kabila la mama yake, karibu ataje na kijiji alikozikwa babu yake. Wote wakaridhika. Mimi, kwa ubishi tu wa mwanafunzi, nikauliza: «Na anaikala wapi?» Mama wakatazamana. «Ile atujue,» akasema yule aliyejua mengine yote. «Labda ku Golf.»

Bwana huyo alikuwa anaomba kusimamia mitaro yetu, na katika foleni nzima hapakuwa na mtu aliyejua analala wapi. Asili yake ilijulikana hadi kizazi cha tatu. Nimelibeba jambo hilo tangu siku ile, kwanza kama swali la semantiki, baadaye kama swali la siasa. Nayaweka maoni yangu mapema ili nisituhumiwe kuzunguka: sheria yetu ya uchaguzi inapaswa kumtaka kila anayegombea kiti cha komini awe anaishi katika komini ile kwa muda fulani, mfupi, kabla ya uchaguzi. Sitaki hilo ili kuwafungia wageni mlango. Nalitaka kwa sababu iliyo kinyume kabisa: mahali ambapo sheria haiulizi mtu anakaa wapi, watu wataendelea kuuliza kwao ni wapi.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria nambari 06/006 ya tarehe 9 Machi 2006, iliyorekebishwa mara kadhaa na tena mwezi Juni 2022, inataja masharti ya mgombea. Awe Mkongomani, awe na umri unaotakiwa, awe na haki zake zote za kiraia na za kisiasa, asiwe katika hali zinazomzuia, awe mpiga kura, au ajiandikishe siku ile anapoweka faili yake. Kuna pia habari ya shahada na ya fedha za dhamana, ambazo zimekwisha kujadiliwa sana na watu wenye mifuko mizito kuliko wangu. Lakini mahali ambapo ningetarajia swali «unakaa komini gani?», sikuona kitu. Mtu wa Kampemba anaweza kugombea Ruashi. Mtu wa Kinshasa anaweza kugombea Kamalondo, mradi faili yake iwe kamili.

Kwa mbunge wa taifa ninaelewa. Katiba yetu, kifungu cha 101, inasema kwamba mbunge huyo anawakilisha taifa. Hawakilishi kata wala mtaa. Ukimwuliza anakaa wapi, anaweza kukujibu kwamba anakaa Kongo, na atakuwa hajakosea. Mshauri wa komini ni mtu wa namna nyingine. Kwa sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya maeneo yaliyopewa madaraka yao, komini ina baraza lake, na baraza hilo linashughulika na masoko, mitaro, takataka, barabara ndogo, taa za njia. Haya ni mambo ya pua na ya miguu. Anayejua kwamba mtaro wa avenyu fulani umeziba ni yule anayeruka maji yake saa kumi na mbili asubuhi akielekea kazini. Kumweleza mtu wa mbali inawezekana, bila shaka. Tunaandika barua, tunapiga picha kwa simu. Lakini tofauti kati ya kuambiwa harufu na kuinusa inajulikana.

Tena washauri hao si watu wadogo kama wengi wanavyodhani. Sheria imewapa kazi ya kumchagua burugumestre na msaidizi wake. Wao pia ndio wanaochagua washauri wa mji. Tarehe 20 Desemba 2023 tulipiga kura ya komini pamoja na ile ya rais, ya wabunge wa taifa na ya wabunge wa majimbo, na hata hapo ni komini za miji mikuu ya majimbo tu zilizopata bahati hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Katiba ya 2006. Kura ya nne, ya mwisho, ambayo wengi waliipiga wakiwa wamechoka, ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na mlango wa nyumba zao.

Wenzangu wa Idara ya Lugha za Kiafrika watanivumilia nikirudi kidogo kwenye somo letu, kwa sababu naamini ugonjwa umejificha ndani ya maneno. Kitenzi chetu cha Lubumbashi, kuikala, huchekwa na watu wa Kiswahili sanifu kana kwamba tumekiharibu. Ukweli ni kwamba tumekitunza. Mzizi wa zamani wa Kibantu wenye maana ya kuketi na kuishi mahali, ambao Wabemba wanao katika ukwikala na Waluba katika kwikala, ulipoteza l yake huko pwani, ukawa kukaa. L ile haikufa kabisa: imejificha katika mkazi na makazi, ambako z ni alama ya l iliyogeuka ilipokutana na i. Kwa hiyo mkazi wa vitabuni na mwenye kuikala wa Katuba ni ndugu wa tumbo moja. Neno hilo, kwa sura zake zote mbili, halisemi lolote juu ya damu ya mtu. Linaeleza mwili wake uko wapi, basi.

Mwenyeji ni neno jingine kabisa, ingawa kamusi mara nyingi huliweka karibu. Ni mwenye na mji: mtu mwenye mji wake. Tayari kuna umiliki ndani yake, na palipo na mwenye mali pana asiye na mali. Kinyume cha mkazi ni nani? Ni mtu anayekaa pengine, hana jina maalumu. Kinyume cha mwenyeji ni mgeni, na mgeni ana jina, ana sifa, ana siku zake mbili za kukirimiwa kabla ya kupewa jembe.

Halafu kuna kwetu. Mimi husema «kwetu ni Kabinda» ingawa sijawahi kufika Kabinda. Babu wa baba yangu alitoka huko kwa treni kuja kufanya kazi ya mgodi. Amezikwa hapa, na mwanawe amezikwa hapa. Familia yetu imekaa Katuba kwa muda mrefu kuliko nyumba nyingi za avenyu yetu, lakini kisarufi Katuba haijawa kwetu. Ni «fasi tunaikala». Kifaransa cha ofisini nacho kimetusaidia kubaki hapo, na originaire yake na ressortissant yake. Hata kadi ya mpiga kura inabeba mistari miwili, mmoja wa asili na mwingine wa anwani. Mimi na yule bwana wa kwenye gari, ungetulaza kadi zetu mezani, ungeona tumejibu maswali yote mawili. Swali moja tu ndilo linaloulizwa wakati wa kampeni.

Mji huu una sababu zake za kuogopa swali hilo. Desemba 1957 Wabelgiji waliandaa uchaguzi wa kwanza wa komini katika Léopoldville, Élisabethville na Jadotville, yaani Kinshasa, Lubumbashi na Likasi za leo. Wanaume tu ndio waliopiga kura. Huko Léopoldville, Joseph Kasa-Vubu akawa burugumestre wa Dendale, komini ambayo leo ina jina lake. Hapa kwetu (naona nimeandika «hapa kwetu» bila kufikiri, nitaliacha hivyo hivyo), katika komini za Waafrika, wengi wa waliotoka na ushindi walikuwa watu wenye asili ya nje ya Katanga, hasa Kasai. Walikuwa wakiishi na kufanya kazi mjini kama wapiga kura wao. Sisemi kwamba wapiga kura wale walikuwa malaika: vyama vya kikabila vilikuwapo na vilijua kuhesabu. Lakini jibu la walioshindwa halikuwa kwamba washindi hawaijui komini. Lilikuwa kwamba hawakuzaliwa na watu wa hapa. Mwaka 1958 CONAKAT ikaundwa, na maneno «Mkatanga halisi» yakaingia katika lugha ya siasa. Wanahistoria wengi huunganisha matukio hayo mawili, na ukisoma magazeti ya wakati ule utaelewa kwa nini.

Ya mwaka 1992 na 1993 sitayaeleza kwa urefu. Walimu wetu waliyaona kwa macho, nami nilikuwa sijazaliwa. Shangazi ya baba yangu, aliyekuwa na nyumba Likasi, alilala kituo cha treni na watoto wake kabla ya kupelekwa Kasai, mahali ambapo hakuwa na hata mlango mmoja wa kubisha. Watu kama yeye waliitwa bilulu, wadudu. Nataka tu kuonyesha kitu kimoja cha kiisimu: ili jirani uliyekopeshana naye chumvi miaka ishirini aweze kuitwa mdudu, kwanza lazima ukubali kwamba miaka ishirini ya kukopeshana chumvi haina uzito wowote mbele ya swali la kwao ni wapi. Ukishakubali hilo, mengine ni haraka.

Ndiyo maana siogopi sharti la makazi, ingawa watu wenye asili kama yangu huliogopa. Wanasikia ndani yake mlio wa zamani: hawa si wa hapa, waende. Nawaelewa. Lakini hebu tutazame nini kinatokea pasipo sharti hilo. Watu hawaachi kuuliza kama mgombea ni wa hapa. Ni swali la kawaida kwa kiti cha mtaani, na ni swali la haki. Sheria ikikaa kimya, kila mtu anachukua kipimo alichonacho nyumbani. Kipimo kilichopo nyumbani ni kabila. Mgombea naye anajua hivyo. Haji kutuambia ameishi avenyu gani. Anakuja na vitenge na fulana na wazee wa jamii yake. Mwingine ambaye ameishi Katuba tangu utoto, anayejua kila kona, anaambiwa akagombee kwao. Kwao wapi? Huko ambako hajui hata duka la kununulia kiberiti?

Mimi mwenyewe nilionja jambo hili mwaka uliopita, kwa sababu ya msaada wa masomo. Nilitakiwa kuleta atestasyo ya makazi, nikaenda kwenye ofisi moja ya mji huu. Karani alichukua fomu, akaruka mstari wa anwani, akaanza na asili. Aliposikia Kabinda akaweka kalamu chini. «Basi atestasyo ya hapa unaombea nini?» Nilimweleza kwamba ninaomba karatasi ya mahali ninapolala, na kwamba Kabinda silali. Akacheka, si kwa ubaya. Akaniandikia, nikalipa zaidi ya bei iliyobandikwa ukutani, nikaondoka. Nilichojifunza ni kwamba hata karatasi iliyotengenezwa kwa ajili ya kujibu swali la pili hujazwa kwa kuanza na la kwanza.

Rafiki yangu mmoja wa Kitivo cha Sheria alinisimamisha hapo. Kasema: Katiba, kifungu cha 13, inakataza Mkongomani yeyote kubaguliwa katika kupata kazi za umma, na katika orodha ya sababu zilizokatazwa, pamoja na dini na kabila na asili ya familia, yapo makazi. Imeandikwa wazi. Unataka sheria ifanye kile ambacho Katiba imekataza?

Ni pingamizi zito, na sitajifanya nimelivunja. Lakini nadhani kifungu hicho kiliwekwa ili mtu wa Mitwaba asinyimwe kazi mjini kwa kuwa anatoka Mitwaba, na si ili mtu wa Golf apate kuamua juu ya soko la Katuba. Kifungu cha 30 kinampa kila mtu haki ya kuhamia na kukaa anapotaka katika nchi. Sharti la makazi linamwambia tu aitumie haki hiyo kabla ya kuomba kura. Makazi unaweza kuyahama. Babu huwezi kumhama. Kuviweka vitu hivi viwili katika orodha moja, kana kwamba ni vya namna moja, ni jambo ambalo mwanasemantiki analiona kwa shaka. Hata hivyo Mahakama ya Katiba haisomi jarida la wanafunzi. Kama wanasheria watasema sharti kwa mtu mmoja mmoja haliwezekani, iko njia ya Ufaransa: katika komini zenye wakaaji zaidi ya 500, washauri wasioishi ndani ya komini hawaruhusiwi kupita robo ya baraza. Mgombea wa nje hafukuzwi. Anaambiwa tu kwamba wa aina yake hawawezi kulijaza baraza. Tumenakili mambo mengi kutoka Paris na Bruxelles, mengine bila hata kubadilisha koma. Hili ningelikubali.

Wako pia wanaosema kwamba neno kukaa halishikiki, kwamba mahakama zitapotea ndani yake. Wana haki kidogo. Mfano mzuri kuliko yote ninaoufahamu unatoka mbali, Chicago, na nauleta kwa kuwa majaji wa huko walijikuta wakifanya kazi yetu ya semantiki mbele ya nchi nzima. Sheria yao ilimtaka anayegombea umeya awe ameishi mjini mwaka mzima kabla ya uchaguzi. Rahm Emanuel, mtu wa Chicago, alikuwa amekwenda Washington mwaka 2009 kufanya kazi katika ofisi ya rais Obama, akaipangisha nyumba yake. Aliporudi kugombea, mpangaji alikataa kutoka. Je, mtu ambaye nyumba yake inalaliwa na mwingine anaishi humo? Mawakili wake walionyesha kwamba aliacha vitu vya familia katika chumba cha chini, likiwamo gauni la harusi la mke wake. Tarehe 24 Januari 2011 majaji wawili kati ya watatu wa mahakama ya rufaa walimtoa kwenye karatasi ya kura, wakisema kukaa kwa mgombea si sawa na kukaa kwa mpiga kura. Siku tatu baadaye mahakama kuu ya jimbo, majaji wote pamoja, ikamrudisha: mtu aliyekwishaweka makazi mahali hayapotezi kwa kwenda kazini mbali, kama nia yake ni kurudi. Mwezi Februari akachaguliwa.

Watu husimulia kisa hicho kama kichekesho. Mimi nakiona kama anasa. Mji mzima ulibishana wiki nyingi juu ya ugombea wa mtu, na ubishi wote ulikuwa juu ya ufunguo, mkataba wa pango na gauni ndani ya sanduku. Ningependa sana tubishane hivyo Lubumbashi.

Na Waswahili wenzetu wa Tanzania, ambao lugha yao ya sheria tunaisoma darasani, wamezoea kumtaka mgombea wa ngazi ya chini awe «mkazi wa kawaida» wa eneo lake. Hilo neno «kawaida» ni dogo lakini linafanya kazi kubwa. Linamwondoa anayekodi chumba mwezi mmoja kabla ya kampeni, na linamwacha ndani anayesafiri kikazi.

Lakini sharti lolote linaweza kuandikwa kwa namna inayowaumiza wale lilioandikwa kwa ajili yao. Hapa ndipo ninapoogopa zaidi, kuliko kifungu cha 13. Wakaaji wengi wa komini zetu ni wapangaji. Mwenye nyumba akipandisha bei, au akidai garanti mpya, familia inavuka barabara na kuingia komini nyingine. Ukisema miaka mitano, umewachagua wenye viwanja. Ukidai hati ya nyumba, vivyo hivyo. Miezi sita inatosha kumjulisha mtu harufu ya mtaro. Na ukidai atestasyo ya ofisini peke yake, umempa karani wangu wa mwaka uliopita uwezo wa kuamua nani agombee na kwa bei gani. Ushahidi ungetoka kwa majirani: watu kadhaa wenye kadi za mpiga kura za komini ile, pamoja na shefu wa avenyu, wakitia sahihi kwamba huyu tunamwona asubuhi na jioni. Wanaweza kununuliwa? Wanaweza. Lakini kuwanunua majirani kumi wanaojuana, ambao nao wana ndugu na maadui katika avenyu hiyo hiyo, ni kazi ngumu kuliko kumnunua mtu mmoja mwenye muhuri.

Kisha wako waliokimbia vita. Mtu wa Goma au Bukavu aliyetoka kwake mwaka 2025 kwa sababu ya risasi hakuhama, alihamishwa. Sheria isiyotofautisha vitenzi hivi viwili ingempokonya komini yake mara ya pili. Hapa somo la Chicago lina faida: nia ya kurudi. Na kama mtu huyo anaamua kubaki Kisangani au Lubumbashi, baada ya miezi yake sita awe mkazi wa huko kama wengine, bila kuulizwa mstari wa asili.

Nimeandika haya katika jarida la Kitivo cha Lugha, na sikuyapeleka kwa wanasheria, kwa sababu moja. Katiba, kifungu cha 142, inaitaka serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika siku sitini tangu zitangazwe. Siku ambayo sharti kama hili litaandikwa, mtu mmoja ataketi na karatasi ya Kifaransa mbele yake, na atafika kwenye neno résident. Huenda akawa mmoja wetu. Nani mwingine atafanya kazi hiyo? Akiandika mwenyeji, na ni neno zuri linalokuja haraka mkononi, basi atakuwa amebadilisha sheria bila bunge kujua, na kule kwenye foleni ya maji watasoma kwamba serikali imekubali hatimaye kwamba komini ni ya wenye asili. Akiandika mkazi, ameandika sawasawa, lakini Katuba wengi watauliza maana yake. Akiandika mkaaji, ni afadhali kidogo.

Wiki iliyopita nilirudi kwenye foleni na sentensi yangu niliyoiandaa. Yule mama anayejua nasaba za watu wote alikuwapo. Nikamsomea: «Mugombea anapashwa kuwa mutu mwenye kuikala mu komini tangu myezi sita.»

Akafikiri. «Na kama kwabo ni fasi ingine?»

«Ayina mambo.»

Akaweka bidoni yake chini ya bomba, akasubiri ijae. «Njo kusema ule wa Golf angeanguka,» akasema. «Na weye ungeweza.»